Siku mbili Amani: maswali yenu kuhusu ndege na milima

Tangu nitaje kwamba nilikwenda kuangalia ndege Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, Usambara Mashariki, maswali yamemiminika. Nayajibu haya matano.

"Kaka, nina Jumamosi na Jumapili tu, natoka Dar. Zinatosha?" (Msomaji, Ubungo)

Omba ruhusa ya Ijumaa. Basi la Tanga litakushusha Muheza, na hapo ndipo safari yenyewe inapoanza: vumbi hadi lango la Sigi, penye stesheni ya zamani ya reli ya Mjerumani, kisha kona kwa kona hadi Amani juu. Masika usijaribu na gari dogo. Mimi nilijifanya mjanja mwezi wa nne. Tulisukuma gari kwa muda wa saa mbili, na ndege pekee niliyemwona siku ile alikuwa jogoo wa mwenye duka aliyetuazima jembe.

"Nikifika nitafute ndege gani?" (Mwalimu, Korogwe)

Wageni wengi hufuata ndege mmoja mdogo wa kijivu, mdomo mrefu kama sindano. Kisayansi anaitwa Artisornis moreaui, kwa heshima ya Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani enzi za Mwingereza. Nje ya milima hii anajulikana kaskazini mwa Msumbiji tu. Hukaa kwenye vichaka vilivyosongwa na mitambaa pembezoni mwa msitu, kwa hiyo ukizama ndani kumtafuta umeshamwacha nyuma.

Lakini mwalimu, moyo wangu uko kwa hondohondo. Utamsikia kabla hujamwona. Mabawa yanavuma kama mtu anakung'uta mkeka juu ya miti. Jike hujifungia ndani ya shimo la mti, mlango ukazibwa kwa udongo, ukabaki ufa mwembamba. Dume huja na matunda kooni, anayatapika moja moja na kumpitishia. Nilikaa chini ya mti mmoja nikihesabu hadi shingo ikakakamaa. Kasoro yake moja: anapenda sana matunda ya musizi, mti uliopandwa hapa ukitokea upande wa Bukoba na Uganda, na mbegu zake anazimwaga kila kona. Leo musizi umebana miti ya asili, na msambazaji ndiye huyo kipenzi chetu.

"Mama anasema bundi ni uchuro. Nitembee na wanangu usiku?" (Mama wa wawili, Tanga)

Mfikishie mama shikamoo yangu. Kweli yuko bundi mkubwa anayebeba jina la Usambara, ila kumwona ni bahati. Watoto wapeleke wakatafute vinyonga kwa tochi: usiku hulala kwenye ncha za matawi, wamepauka, wanang'aa kama karatasi. Najua kinyonga naye ana kesi yake kwa bibi.

"Nivae nini?" (Kijana, Morogoro)

Buti, na suruali uichomeke ndani ya soksi. Siafu hawabishi hodi. Beba sweta. Darubini ya kukuza mara nane inatosha.

"Lazima nilipe mwongozaji? Njia si zinaonekana?" (Msomaji, Arusha)

Njia zinaonekana, ndege hawaonekani. Asubuhi moja, ukingoni mwa shamba la chai, mwongozaji wangu alinigusa bega akaniuliza kama nasikia. Nilikuwa nasikia wachuma chai wakicheka, basi. Akaelekeza kidole kwenye kichaka ambacho tangu jana nilikuwa nimekipita mara tatu, akachuchumaa, nami nikachuchumaa. Miguu ilikuwa imeshakufa ganzi ule mdomo mrefu ulipochomoza kati ya majani mawili, ukadonoa kitu, ukarudi ndani.

"Umemwona?" akaniuliza. Darubini nilikuwa bado nimeishika mkononi.