Ndizi za Kwao, Ugali wa Kwetu: Tulivyopata Ratiba ya Chakula Nyumbani

Mwezi wa tatu wa ndoa yetu nilimsikia mume wangu akiongea na mama yake kwenye simu sebuleni, mimi nikiwa jikoni naosha vyombo. Mama yake alimuuliza kama anakula vizuri. Akajibu kwa upole, wala hakuwa na ubaya wowote: "Nakula ugali, mama."

Siku mbili sikumsemesha vizuri. Jioni ile nilikuwa nimemuunga sato wa soko la Mwaloni Kirumba kwa nyanya na bamia, na ugali niliusonga kwa udaga, yaani unga wa muhogo uliovundikwa, uliochanganywa na mtama, kama mama yangu anavyosonga kule Magu. Kwetu Usukumani mtu aliyekula hivyo hunawa mikono, akashukuru, akalala. Huyu wangu anamwambia mama yake "nakula ugali" kwa sauti ya mtu anayesema yuko safarini.

Mume wangu ni Mhaya wa Muleba. Leo tuna watoto watatu, tunaishi Nyegezi hapa Mwanza, na ugomvi ule tunausimulia wageni. Ila mdogo wangu anaolewa mwaka huu na kijana wa Kilimanjaro, na juzi aliniuliza afanyeje kuhusu chakula. Nilimjibu kwa simu nusu saa nzima. Nimeona niandike, maana nilimpa mambo ambayo mimi sikupewa na mtu.

Nilichokuwa sijui ni kwamba kwa mume wangu neno chakula maana yake ni ndizi. Wali, ugali na viazi anavila, anavisifu, lakini siku ambayo ebitoke, yaani hizo ndizi za kupika, hazikupita mdomoni anaweza kukwambia kwa moyo mweupe kwamba hajala. Na mimi ni vilevile. Nikila wali mchana, ikifika saa kumi natafuta kitu cha kushika tumbo. Tulikuwa wawili, kila mmoja anamlisha mwenzake vizuri kwa kipimo cha kwao, na kila mmoja anaona mwenzake hana shukrani.

Kwa hiyo kabla hamjachora ratiba yoyote, ulizaneni. Acheni lile swali la "unapenda nini", maana mtu atakujibu kuku. Muulize kwao Jumapili walikula nini baada ya kanisa. Mgonjwa alipikiwa nini? Mgeni akija ghafla saa mbili usiku? Mwezi ambao hela imekata, mama yake alitoa nini jikoni? Mimi swali hilo la mwisho ndilo lililonifungulia mlango. Alinieleza jinsi mama yake alivyokuwa akipika ndizi na maharage chungu kimoja, maharage yakitangulia hadi yakaribie kuiva, ndizi zikiwekwa juu na kufunikwa kwa majani ya mgomba. Aliposimulia hayo sauti yake ilibadilika. Nikamwambia kwetu mwezi kama huo tulikula michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, iliyochemshwa, na nsansa, yale majani ya kunde yaliyochemshwa na kuanikwa, yakapikwa kwa karanga ya kutwanga. Alikuwa hajawahi kuonja nsansa. Alikuwa amekaa Mwanza miaka minne!

Na msisahau miiko. Koo za Wahaya zina muziro, kitu ambacho ukoo hauli, na kwa ukoo wa mume wangu ni samaki aitwaye kamongo. Nilikuja kujua baada ya kununua, kukata na kumkaanga tayari. Hakunikasirikia, aliinuka tu mezani. Hilo ni swali la wiki ya kwanza, na muulize mkwe pia kabla hajaja kukaa kwako.

Ratiba yetu ya kwanza ilikuwa ya haki kabisa na ilitushinda ndani ya wiki tano. Siku tatu ndizi, siku tatu ugali, Jumapili wali. Tuliibandika kwenye mlango wa friji. Tatizo ni kwamba ndizi haziijui Jumatano. Nzuri za kupika zinatoka Bukoba kwa meli au kwa barabara, nazo zikifika zimeshakatwa siku kadhaa. Ukinunua mkungu mzima una siku chache kabla haujaanza kuiva. Mimi nilikuwa nanunua chana mbili mbili kwa bei ya rejareja ili nifuate ratiba ya mlangoni, hela ikawa inaisha tarehe 20.

Sasa tunafanya hivi. Mkungu ukifika, wiki hiyo ni ya ndizi. Kwa familia yetu ya watu watano, mkungu mkubwa unatoa milo minne au mitano, na zile za mwisho zikianza kuwa njano tunazikaanga asubuhi badala ya mkate. Mkungu ukiisha tunarudi kwenye ugali bila malalamiko, mpaka mwingine uje. Tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe Juni 2025, shemeji akitokea Muleba kwa gari hasubiri tena kivuko, na mara nyingi anatuletea mkungu uliokatwa jana yake. Wiki hizo mume wangu anaimba.

Dagaa nao wana kalenda yao, na hii naisisitiza kwa kila mwanamke wa kandokando ya ziwa ambaye hakukulia hapa. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti vizuri, mitumbwi mingi inapumzika, na bei inapanda. Kwa hiyo mimi nanunua siku za giza, sado mbili kwa mpigo, nawatunza kwenye ndoo yenye mfuniko. Nachagua waliokaushwa kwenye kichanja, maana wa mchangani utawaosha mpaka uchoke na mtoto bado atatafuna mchanga. Masika nakuwa mwangalifu zaidi, kwani dagaa wasiopata jua la kutosha wanakuwa wachungu. Siku za mbalamwezi ndizo ninazozipangia maharage, mlenda wa karanga na mayai.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo wengi wetu tunalikosea: tunagombana kuhusu ndizi na ugali, wakati mboga tunaiacha ijipange yenyewe saa kumi na moja jioni. Ugali wa muhogo mtupu una protini kidogo sana, na ndizi nazo hivyo hivyo. Kinachomjenga mtoto ni kile kilicho pembeni: dagaa anayeliwa na mifupa yake, maharage, karanga, maziwa, majani. Siku hizi kila Jumamosi usiku naandika mboga saba kwanza. Baada ya hapo swali la ndizi au ugali linakuwa dogo. Maharage yanakwenda na vyote viwili. Sangara wa mchuzi pia.

Kuna jambo lingine ambalo nalisema kwa uzito, na kaka zangu wanisikie. Chakula cha kwenu kama unakihitaji, jifunze kukipika. Miaka miwili ya mwanzo mimi ndiye niliyekuwa namenya ndizi peke yangu, utomvu mikononi hadi kazini, kwa chakula ambacho sikukilia. Nilichoka, na uchovu ule ulianza kugeuka chuki kwa ndizi zenyewe. Siku moja nikamwambia wazi. Alinyamaza, kisha Jumamosi iliyofuata akapaka mafuta mikononi, akachukua kisu, akakaa kwenye kigoda akamenya mkungu nusu. Zilitoka nene nene na maganda yamebeba nyama, lakini alimaliza. Sasa Jumamosi ni yake, anamenya na mtoto wa kwanza, na ndizi zake ni tamu kuliko zangu. Mimi nami nimemfundisha kusonga ugali mpaka mwiko usimame.

Mama mkwe alipokuja kunitunza nilipojifungua mtoto wa pili, na mama yangu naye akafika kutoka Magu siku hiyo hiyo, niliogopa. Mmoja aliona mzazi anywe uji wa ulezi wenye karanga na maziwa, mwingine alitaka nipikiwe ndizi laini za mchuzi wa nyama. Jiko ni moja. Kwa siku mbili waliheshimiana kupita kiasi, kila mmoja akimpisha mwenzake hadi chakula kinachelewa. Mwishowe nikawaita chumbani nikawaambia, "Mama zangu, uji naomba asubuhi na saa kumi. Ndizi naomba mchana." Mama mkwe akacheka, "Mae waitu, kumbe tulikuwa tunakusubiri useme!" Ukiwa na wageni wawili wa namna hiyo, wagawie saa. Kila mmoja apate mlo wake kamili wa kuusimamia, na usimwachie mumeo aamue, atakimbilia kazini.

Mdogo wangu aliniuliza kama si vizuri kushika tu mila moja ili watoto wajue asili yao. Nilimkumbusha bibi yetu. Sangara tunayemwita samaki wetu aliletwa ziwani miaka ya 1950, na bibi alisimulia utoto wa samaki aina ya furu na ningu, hakumjua sangara. Ugali wake ulikuwa wa mtama na uwele kabla mahindi hayajatawala. Mahindi yenyewe, na muhogo, na maharage ya mama mkwe, vyote asili yake ni mabara ya Amerika, vikavuka bahari vikatufikia. Bibi aliyapokea yote na hakuna aliyewahi kumwambia si Msukuma.

Mwezi uliopita tulikuwa Muleba. Mama mkwe alipika ndizi na maharage, akampakulia mjukuu wake wa mwisho, ana miaka sita. Mtoto akaangalia sahani, akaangalia chungu, akauliza, "Bibi, na nsansa iko wapi?" Nyumbani huwa naiweka pembeni ya ndizi, sikumbuki hata ilianza lini. Mama mkwe aliniuliza inapikwaje. Safari ijayo nitambebea kilo mbili kutoka Magu.