Nipelekeni Exmouth, 1888

Mmeuliza: ukipewa tiketi ya mechi moja iliyochezwa kabla hujazaliwa, utakwenda kutazama ipi? Najua wengi watachagua fainali za Kombe la Dunia. Mimi nipelekeni Exmouth, mji wa pwani kusini mwa Uingereza, mwaka 1888, nikamwone Lottie Dod akicheza tenisi na mwanamume.

Lottie alikuwa binti wa mfanyabiashara wa pamba, mzaliwa wa Bebington, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool. Kwao kulikuwa na viwanja viwili vya tenisi, kwa hiyo alikua akicheza na kaka zake na dada yake. Mwaka 1887 alitwaa ubingwa wa wanawake wa Wimbledon, mashindano makubwa ya tenisi ya London, akiwa na miaka 15 na siku 285. Mpaka leo hakuna aliyeshinda taji la mchezaji mmoja mmoja pale akiwa na umri mdogo kuliko huo. Alicheza Wimbledon mara tano tu, na mara zote tano alikuwa bingwa. Senti moja hakulipwa, maana ilikuwa tenisi ya ridhaa. Alipofika miaka 21 akaiacha, akahamia michezo mingine: akaichezea Uingereza hoki, akawa bingwa wa gofu mwaka 1904, kisha mwaka 1908 akapata medali ya fedha ya upinde na mishale katika Olimpiki ya London.

Sasa kwa nini nisiombe Wimbledon yenyewe? Kwa sababu kule mara nyingi hakupata wa kumtoa jasho. Fainali yake ya kwanza alimshinda Blanche Bingley 6–2, 6–0. Mechi ya namna hiyo inakwisha hujakaa vizuri kwenye kiti.

Exmouth ilikuwa habari nyingine. Mpinzani wake alikuwa Ernest Renshaw, bingwa wa wanaume wa Wimbledon mwaka huohuo. Lottie, wa miaka 16, alipewa pointi mbili za kuanzia kila gemu, yaani 30–0 kwa hesabu ya tenisi. Kuna watakaosema hapo alibebwa. Nawaomba wakumbuke mavazi ya wanawake wa enzi zile: sketi ndefu nzito, na kiuno kimekazwa kwa korseti. Ndani ya nguo hizo yeye alikuwa akikimbilia wavuni na kuupiga mpira kabla haujadunda, wakati wanawake wengi walibaki nyuma wakirudishiana polepole. Nadhani pointi zile mbili hazikufidia hata uzito wa sketi.

Ushindi ulikuwa wa atakayetwaa seti mbili kati ya tatu, na seti ni ya wa kwanza kufikisha gemu sita akiongoza kwa gemu mbili. Seti ya kwanza Lottie alishinda 6–2. Ernest akachukua mbili zilizofuata, 7–5 na 7–5. Hesabu wenyewe: katika seti ya pili walifika 5–5, na gemu mbili tu zilimtenganisha msichana yule na ushindi juu ya bingwa wa wanaume. Tiketi yangu naitaka kwa ajili ya gemu hizo mbili. Nataka kuona Ernest alivyojiokoa, na uso wa Lottie alipokuwa akirudi kuanza seti ya tatu.