Maswali yenu: shabiki abaki au aondoke?

Barua za wiki hii karibu zote zinahusu jambo moja: mtayarishaji maudhui mwenye wafuasi wengi anatuhumiwa kuwaandikia mashabiki wadogo ujumbe wa kingono, na waliozoea kumtazama hawajui washike lipi. Jina lake silitaji.

Je, tuhuma hizi ni za kweli? (Wengi, kutoka Rongai hadi Kayole)

Acheni kuniuliza hili. Kuamua kesi ni kazi ya mahakama, na kifungu cha 50 cha Katiba ya Kenya kinamhesabu mshtakiwa hana hatia hadi ithibitishwe vingine. Lakini hakuna sheria inayokudai uendelee kumtazama mtu mpaka hukumu itoke. Bando, pesa na ulimi wako viko mikononi mwako leo, na hivyo ndivyo ninavyoweza kukusaidia kuviamulia.

Niliacha kufuata chaneli yake lakini video bado zinanijia. Huingia tu kumwambia ukweli kwenye maoni. Namnufaisha? (Umoja)

Ndiyo. Tangazo likionyeshwa kwenye video ndefu, YouTube humpa mwenye chaneli asilimia 55 ya mapato yake, na mtazamaji mwenye hasira huhesabiwa sawa na mwenye mapenzi. Maoni yako makali ni dalili kwa mfumo kwamba video inawagusa watu.

Kuacha kufuata hakufuti historia, na mapendekezo mengi hutokana na historia. Bonyeza nukta tatu kando ya video, chagua usipendekezewe chaneli hiyo, kisha ufute video zake katika orodha ya ulizotazama. Ukiruka hatua hii ya mwisho huenda ukaendelea kuletewa klipu zake zilizopakiwa na chaneli nyingine.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye uanachama wa kulipia. Huo ni mkataba wa peke yake: unaweza kuacha kufuata chaneli na bado ukakatwa kila mwezi, na asilimia 70 ya mapato ya uanachama humfikia mwenye chaneli. Usitishe kwenye ukurasa wa uanachama wako. Uliyejiunga kupitia programu ya iPhone, malipo yanapitia Apple, kwa hiyo yasimamishe kwenye mipangilio ya simu. Mnaomtumia kwa M-Pesa Ratiba, huduma ya malipo yanayojirudia yenyewe, futeni agizo lenyewe. Kufuta namba yake kwenye simu hakusimamishi chochote.

Nililipa elfu mbili za tiketi ya kukutana naye. Nizirudishe kwa M-Pesa? (Donholm)

Ujumbe unaotumwa kwa 456 kurudisha pesa za M-Pesa ni wa aliyekosea namba, nawe hukukosea. Mdai mwandalizi kwa maandishi na utunze ujumbe wa malipo.

Masomo yake ya kemia ndiyo yaliyonivusha KCSE. Naruhusiwa kuyarudia? (Kasarani)

Uliyoyanunua ukayapakua hayampi shilingi ya pili. Ya bure yenye matangazo yanampa.

Mbona YouTube haijamfungia? Si ina maana hana kosa? (Zimmerman)

Haina maana hiyo. Septemba 2023 YouTube ilimsimamishia mchekeshaji Russell Brand wa Uingereza mapato ya matangazo baada ya tuhuma alizozikana, kabla hajashtakiwa popote, na chaneli yake ikabaki wazi. Kampuni hulinda watangazaji wake. Msiifanye hakimu, ikifunga au isipofunga.

Mimi ni admini wa kundi la WhatsApp la mashabiki. Watu wanamtafuta msichana aliyemtuhumu, na picha zake zimeanza kuzunguka. (Buruburu)

Fanya hivi usiku huu. Weka kundi katika hali ya admini pekee kuandika. Picha, namba, jina la shule au mtaa wake, vyote vifutie kila mtu. Kuvifuta kwenye simu yako tu ni kazi bure. Aliyevituma mwondoe. Kusambaza picha za faragha za mtu ni kosa chini ya kifungu cha 37 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2018, faini hadi shilingi 200,000 au kifungo hadi miaka miwili. Aliye pichani akiwa mtoto, kifungu cha 24 kinafika faini ya milioni 20 au miaka 25.

Unaweza kubaki shabiki ukasubiri kesi. Ukimsaka aliyelalamika, umetoka kwenye ushabiki, na wengine walioumizwa wanakuona na kunyamaza.

Ameomba msamaha kwenye video huku akilia. Turudi? (Lang'ata)

Izime sauti na uyasome maneno yake kwenye manukuu. Je, ametaja alichofanya, au ameomba radhi kwa "yote yaliyotokea"? Je, ameiacha video hiyo yenyewe bila matangazo? Je, amewaambia mashabiki wamwache mlalamishi? Asiyefanya hayo anahofia kupoteza watazamaji. Msirudi kwa ajili ya machozi.

Dadangu wa kidato cha tatu ameniambia naye aliandikiwa. Nimemwambia afute kila kitu asahau. (Githurai)

Mwambie asifute chochote. Zimeni ujumbe unaojifuta wenyewe sasa hivi. Pigeni skrinishoti nzima isiyokatwa, ionyeshe jina la akaunti, tarehe na saa. Simu yenyewe msiiuze wala kuifomati, kwa maana kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kinachoeleza kifaa na jinsi nakala ilivyotolewa. Kama kuna picha zake za faragha, zisitumwe kwa mtu yeyote, hata kwako au kwa shangazi. Ziacheni kwenye simu mkawaonyeshe polisi.

Kama walikutana na akamgusa, hospitali ndiyo ya kwanza: dawa za kuzuia HIV lazima zianze ndani ya saa 72. Asioge, na nguo zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu plastiki hushika unyevu na kuharibu ushahidi. Aombe fomu ya PRC, ile ya huduma baada ya kubakwa, ijazwe pale pale, kisha ninyi na mzazi mwende dawati la jinsia katika kituo cha polisi. Namba 116 ni ya watoto, 1195 ni ya dhuluma za kijinsia, zote bila malipo. Na kabla ya yote hayo, rudi kwake umwambie kwamba ulikosea kumtaka asahau.