Karama si Shaaban Robert mwenyewe

Mdogo wangu, umeuliza kama inatosha kuandika kwamba Karama, mhusika mkuu wa riwaya ya Kusadikika, ni Shaaban Robert mwenyewe aliyeiandika, kwa kuwa mwandishi huyo alikuwa karani wa serikali ya kikoloni. Haitoshi. Mimi mtu wa Tanga nampenda mno huyu mzaliwa wa Vibambani, huku huku kwetu, ndiyo maana sitaki umpunguze.

Maisha yake yakusaidie kuuliza. Kitabu kilitoka 1951, Mwingereza bado anatawala. Basi jiulize kwa nini Kusadikika, nchi ya riwaya hiyo, imewekwa angani. Kisha rudi kwenye maneno. Tazama Karama, aliyeshtakiwa, anavyojitetea: hatukani mtu, anasimulia tu habari za wajumbe sita, mmoja baada ya mwingine, waliokwenda kuitafutia nchi yao mema, wakarudi wakatiwa gerezani. Hapo ndipo penye utamu. Kule kusimulia ndiko utetezi wenyewe, na wasifu wa mwandishi hautakuonyesha hilo hata uusome mara kumi.

Tawasifu yake isome pia, ila kwa uangalifu: nayo imetungwa, amechagua la kusema na la kuacha. Ukiandika kwamba mhusika anabeba uchungu wa mwandishi, onyesha ni sentensi ipi ya riwaya inayosema hivyo. Ukiikosa, futa.