Ile Posta ya Wajerumani Hapa Amu, Ni ya Walutheri?

SWALI: Asalaam aleikum dada mhariri. Mimi natembeza wageni hapa Amu. Juzi nilikuwa na mzee mmoja Mjerumani, tulipofika Usita wa Mui kwenye ile nyumba ya posta ya Wajerumani akaniuliza kama ni makumbusho ya Walutheri, mi nikaitikia tu manake sikujua. Mwengine akiuliza nimjibu nini? Na je, huku pwani kuna mahali palipohifadhi mambo ya Walutheri?
Mtembeza wageni, Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam kaka. Usiitikie tena, mwambie hapana. Ile ilikuwa posta kweli, ilifunguliwa 1888 wakati Wajerumani wameshikana na sultani wa Witu, ule mji wa bara karibu na Lamu, alafu 1890 wakapatana na Waingereza wakamwachia Mwingereza Witu, basi posta nayo 1891 ikafungwa. Pale ni habari za barua na stempu, kanisa halimo.

Unachotafuta kiko Rabai. Kuna makumbusho madogo ndani ya kanisa la zamani, ya kumkumbuka Johann Ludwig Krapf. Huyu alikuwa Mjerumani wa Württemberg, Mlutheri, ila waliomtuma ni misheni ya Kianglikana ya Uingereza, ndo maana ukienda leo utawakuta Waanglikana na watu wengi hata hawajui kama mzee alikulia Ulutheri. Alifika Mombasa 1844, na hata miezi mitatu haijaisha akawa ameshamzika mkewe Rosina na kichanga chao, kaburi liko upande wa Nyali mpaka leo. Mtu mwengine angepanda jahazi akarudi kwao. Yeye 1846 akahamia Rabai pamoja na Johannes Rebmann, Mwürttemberg mwenzake, ambaye alikaa huko mpaka 1875 akaondoka macho yamekufa.

Sasa mimi kinachonigusa zaidi ni lugha. Mwaka huohuo wa msiba Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo cha Biblia kwa Kiswahili cha Mombasa, akaendelea kukusanya maneno miaka na miaka, na kamusi yake ikatoka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Ukibahatika kuiona angalia jalada, wameandika "Suahili", bila w, neno letu lilivyoingia sikioni mwake.

Na nyinyi wa Amu mna lenu humo. Krapf alikusanya tenzi zetu zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu akazipeleka Halle, Ujerumani, mwaka 1854, na mojawapo ni Chuo cha Herekali cha Bwana Mwengo wa Pate, yaani hapo ng'ambo tu ukipanda boti. Mi huwa naumia nikifikiria karatasi za Pate ziko mbali vile, natamani tungekuwa na nakala yake pale makumbusho ya Lamu watoto wetu wazione herufi za babu zao, lakini nashukuru pia kwamba zilitunzwa. Hilo mwambie mzee wa Kijerumani, nina hakika atakaa chini akusikilize.

Kwenda Rabai vuka Mokowe upande basi la Mombasa, kisha matatu ya Mazeras, pale unachukua gari za njia ya Kaloleni, mwambie konda akushushe Rabai. Nenda asubuhi, na umtafute mzee wa hapo akueleze.