Gusa sakafu kwanza

Dada uliyeuliza kuhusu ndoto ya kukimbizwa, ile inayokurudia kila wiki na kukuamsha saa tisa usiku usilale tena mpaka kunakucha: pole sana. Naona wengi wamekwambia uombe. Omba, hata mimi naomba. Lakini mimi nimeishi na ndoto moja zaidi ya miaka ishirini, na kuna mengine nimejifunza. Nakuandikia nikiwa kwenye cherehani hapa Nyalenda, Kisumu, nikimngoja mteja wa sare.

Yangu ni ya maji. Kwetu ni Budalang'i, magharibi mwa Kenya, na mwaka 2003 Mto Nzoia ulipovunja tuta nilikuwa na miaka 11. Wageni hudhani mafuriko lazima yaje na mvua. Kwetu mvua inaweza kunyesha huko juu, Mlima Elgon na Cherangany, nanyi huku chini mmeanika mahindi juani, halafu mto uwaletee. Usiku ule maji yaliingia kimya. Niliyajua kwa ndala zangu: zilikuwa zinaelea, zinagonga mguu wa kitanda. Ko, ko, ko. Mdogo wangu alikuwa na miaka minne. Mjomba alimbeba mabegani, tukatoka sote, tukaishi chini ya turubai kwenye uwanja wa shule. Nyumbani kwetu hakufa mtu.

Lakini ndoto haitaki kujua hayo. Ndotoni mjomba hayupo. Mimi ndiye nimemshika mtoto, mkono wake unateleza kama sabuni, na ndala zinagonga. Ndoto hiyo imenifuata bweni, ikanifuata hadi kwenye ndoa. Mume wangu alijifunza kunishika bega nikianza kuweweseka, halafu akajifunza kutonishika, kwa sababu nilimtandika kiwiko mara mbili.

Hiyo saa tisa yako haina uchawi. Usingizi huenda kwa mizunguko ya kama dakika 90, na ile sehemu yenye ndoto nyingi huwa ndefu zaidi kadiri alfajiri inavyokaribia. Wakati huo mwili hulegezwa usije ukakimbia kweli kitandani. Ndiyo maana wakati mwingine unafumbua macho na mwili hausogei, kifua kizito kama umekaliwa. Kukhu, yaani bibi yangu, aliita hilo jinamizi na akaweka kisu chini ya mto. Kwangu kisu hakikusaidia, kiliniongezea tu kitu cha kuogopa gizani.

Kilichonisaidia kwanza ni simu. Mdogo wangu huyohuyo amekuwa mwanamume wa ndevu, na alipata kazi ya usoja wa usiku, kulinda, huko Busia. Nikiamka natweta nampigia, naye bila hata salamu anasema, "Niko hapa, nimekauka." Nalala. Raha hiyo ilidumu karibu mwaka. Kisha wakamhamishia zamu ya mchana, simu ikawa inazimwa saa nne usiku, nami nikabaki na giza langu.

Hapo ndipo nilipoanza kushusha miguu. Sakafu yetu ni ya simiti. Nikiamka, kabla sijawaza lolote, naweka nyayo zote mbili chini. Baridi. Kavu. Nasugua kidogo, nasikia mchanga wa watoto. Kichwa huwezi kukibembeleza kwa hoja usiku, bado kiko mtoni. Nyayo ndizo zinazojua nyumba iko wapi. Wewe unayekimbizwa labda utafute kitu kingine: komeo la mlango, au mgongo wa mtoto unayelala naye. Kichague mchana, kiwe kinafikika bila kuwasha taa. Halafu maji kidogo ya kunywa, pumzi ndefu, basi. Simu usiifungue, utajikuta saa kumi na moja unasoma matanga ya watu usiowajua.

Na usisimulie ndoto saa ile. Mume wangu alikuwa akiuliza, "Umeota nini?" nami naanza upya yote, sasa macho wazi. Tulikubaliana: usiku ananiambia tu ni siku gani na kesho kuna nini. "Ni Jumatano. Kesho una mashati ya kwaya."

Ndoto yenyewe ilikuja kulegea baadaye, kwa mshauri nasaha mmoja wa zahanati. Aliniambia niiandike, kisha niibadilishe mwisho nipendavyo, hata kama ni upuuzi, na niurudie ule mpya akilini kila siku kama dakika kumi, mchana. Nilimwona anacheza na mimi. Nikatafuta: daktari Barry Krakow na wenzake huko Marekani waliwajaribia njia hiyo wanawake 168 walionusurika dhuluma za kingono, wakachapisha matokeo mwaka 2001, na waliofundishwa walipungukiwa na ndoto hizo. Basi nikaandika. Nilimtia mtoto kwenye sufuria kubwa ya kanisa, ile ya kupikia pilau ya harusi, naye anaelea anagonga ukingo kwa mwiko. Ko, ko, ko. Niliirudia nikipiga pasi, wiki baada ya wiki.

Jingine la haraka: angalia dawa unazomeza. Efavirenz ya virusi vya UKIMWI, mefloquine ya malaria, na baadhi ya dawa za presha kama propranolol zinaweza kuleta ndoto kali. Usiziache mwenyewe, mwambie aliyekuandikia. Pombe nayo hukulaza upesi, kisha ndoto zinakuja kwa fujo karibu na asubuhi. Na ikiwa anayekukimbiza ndotoni ni mtu aliyekukimbiza kweli, usingoje miaka ishirini kama mimi, nenda ukaonane na mshauri mwezi huu.

Sijapona kabisa. Aprili iliyopita mvua ilinyesha siku nne mfululizo na maji yakaja tena ndotoni, nikasikia ndala. Nikageuka kutafuta mkono, nikaona sufuria inaelea mlangoni, na ndani yake kuku watatu wameketi kama abiria. Niliamka nikicheka kwa uoga. Nikashusha miguu. Kavu.

Asubuhi nikampigia mdogo wangu nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa mimi ulinipeleka wapi?"