Kamati ya Harusi Darasani: Namna Ninavyofundisha Subjonctif ya Kifaransa

Katika miaka yangu ya mwanzo ya kufundisha Kifaransa hapa Dar es Salaam, nilifundisha subjonctif, yaani umbo la kitenzi linalotumika kwa jambo linalotakiwa, linaloshukiwa au linalohofiwa, kama nilivyofundishwa mimi: jedwali la vitenzi ubaoni, maelezo kwa Kiingereza, kisha mazoezi ya kujaza nafasi. Wanafunzi walinakili kwa mwandiko safi na kufaulu jaribio la Ijumaa, lakini Jumatatu ukimtaka mmoja wao amwite mwenzake mbele, alisema "Je veux que tu viens", sawa na kusema "nataka unakuja", bila kusita. Nilichelewa kutambua kwamba tulikuwa tunapitia Kiingereza, lugha ambayo umbo hilo limekaribia kufifia kabisa, ilhali kila aliyekaa darasani amekuwa akilitumia kwa Kiswahili tangu alipoanza kusema.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, kabla hujaandika neno lolote la Kifaransa, andika ubaoni "anakuja" na "nataka aje", "unaenda" na "lazima uende", kisha waulize wanafunzi kilichobadilika na sababu yake. Watakueleza wenyewe kwamba la kwanza ni jambo linalotendeka, na la pili ni jambo linalotakiwa ambalo bado halijawa. Hapo "Je veux qu'il vienne" na "Il faut que tu ailles" zitaingia kama mgeni anayepokewa na wenyeji wanaomfahamu. Hata swali linalowasumbua wengi, kwamba mbona "il parle" (anasema) na "qu'il parle" (aseme) havitofautiani, lina jibu nyumbani: vitenzi vyenye asili ya Kiarabu kama kujibu na kusamehe navyo havibadilishi irabu ya mwisho, lakini hakuna asiyesikia tofauti kati ya "anajibu" na "nataka ajibu".

Shughuli iliyonifaa kuliko zote ni kikao cha kamati ya harusi. Hakuna kijana wa jiji hili asiyejua kikao hicho kinavyokwenda: ahadi za michango, ubishi kuhusu ukumbi, mweka hazina anayesoma majina ya wasiolipa. Ninagawa darasa katika kamati za watu wanane, na kila mhusika ninampa kianzio chake cha sentensi, ambacho hana ruhusa ya kukiacha. Mwenyekiti husema "Il faut que" (lazima), mweka hazina "J'exige que" (nadai), rafiki wa bwana harusi "Je propose que" (napendekeza), mjomba asiyeamini lolote "Je doute que" (nina shaka), na shangazi mwenye hofu "J'ai peur que" (naogopa). Katibu huandika muhtasari, nao ndio ninaousahihisha. Ndani ya dakika ishirini nitasikia "Il faut que chacun paie avant samedi" (lazima kila mtu alipe kabla ya Jumamosi), "Je doute que la salle soit libre" (nina shaka kama ukumbi uko wazi), na shangazi akijibu "J'ai peur que le budget ne suffise pas" (naogopa bajeti haitatosha). Jambo muhimu ni kwamba umbo la kitenzi linazaliwa na nia ya msemaji, kwa kuwa mtu hawezi kuwa mjomba mwenye shaka kisha akasahau kuwa ana shaka.

Wakati kikao kinaendelea simkatizi mtu. Ninaandika makosa kwenye karatasi, na mwishoni ninaweka sentensi tano ubaoni, nyingine sahihi na nyingine zenye kasoro, bila kutaja wasemaji, ili darasa lizichambue. Vitenzi navyo visimiminwe vyote kwa mpigo. Être (kuwa), avoir (kuwa na), aller (kwenda), faire (kufanya) na venir (kuja) vinatosha kwa kikao cha kwanza. Kanuni ya kuanzia kwenye umbo la "ils" (wao), kama "ils prennent" (wanachukua) linavyozaa "que je prenne" (nichukue), isubiri kikao kinachofuata.

Lazima pia uwaonyeshe mahali lugha hizi mbili zinapoachana, la sivyo daraja ulilojenga litawaangusha. Sisi husema "sidhani kama atakuja", lakini Mfaransa hutumia subjonctif: "je ne pense pas qu'il vienne". Sisi husema "ingawa anaumwa", yeye husema "bien qu'il soit malade". Kinyume chake, "natumaini atakuja" inalingana vizuri na "j'espère qu'il viendra", na mwanafunzi aliyezoea kuhisi kila tumaini ni subjonctif atakosea hapo kwa sababu ya bidii yake mwenyewe. Mifano hii ninaibandika ukutani na kuiacha muhula mzima.

Kikao kirudiwe wiki inayofuata kwa kubadilishana nafasi. Katika marudio ya namna hiyo, mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea, shangazi alikuwa msichana ambaye hakuwahi kusema darasani bila kuulizwa. Harusi ilikuwa imepangwa ufukweni. Alianza "J'ai peur que…", akasimama, akanigeukia na kuuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, naogopa mvua isije ikanyesha, tunasemaje?" Nikaandika ubaoni neno moja, pleuve. Akalitazama, akawageukia wanakamati wake na kusema sentensi nzima, "J'ai peur qu'il pleuve", na mwenyekiti akamjibu papo hapo, "Alors il faut que nous ayons une tente," yaani basi lazima tuwe na hema.